Gongo la Kocha Kurokawa

Tangu anatoka mjini Maebashi, Tetsuro alikuwa akilirudia neno moja kila alipokuta taa nyekundu: "Kocha, naomba unipe Kaho nimuoe." Alipanga kulisema mezani, mbele ya ukoo mzima. Lakini gari likamtangulia kusema.

Kosa lilikuwa lake. Alilishusha springi lile gari lake la michezo, akalitia matairi mapana mpaka yakakaribia kugusa bodi, kisha akalijaribu akiwa peke yake, na alivyo mwembamba. Leo Kaho alijibana kiti cha nyuma, na mbele alikaa babake, Kurokawa, kocha mstaafu wa besiboli mwenye mwili wa watu wawili. Kona ya kwanza tu, tairi la nyuma likasugua ukingo wa bodi, krrr, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani. Wakarudi uani kwa kina Kaho kwa mwendo wa kobe, huku mama yake na mashangazi wakiwasubiri kwa chakula hotelini, juu mlimani.

"Kona moja imekushinda," mzee alisema akishuka. "Binti yangu utamfikisha wapi?"

Tetsuro alitamani ardhi immeze. "Ule ukingo unakunjwa kwa ndani, kocha, haichukui muda. Ila nahitaji gongo la besiboli."

Kaho aliziba mdomo. Katika nyumba ile gongo halirukwi, halitupwi chini, wala halifanywi fimbo ya kuegemea.

"Gongo langu kwenye tairi? Una ujasiri, au huna akili?"

"Vyote viwili, baba," Kaho alijibu, keshaingia ndani. Alirudi na gongo kuukuu la mazoezi, waya mrefu wa umeme na draya yake ya nywele.

Tetsuro alilipokea gongo kwa mikono miwili, akaliinamia kichwa kama wachezaji wanavyofanya kabla ya mazoezi. Wala hakujua kama ameinama. Akapiga magoti, akaipasha rangi joto kwa draya isije ikapasuka, kisha akalichomeka gongo kati ya tairi na bodi.

Mzee alikuwa akimtazama. "Ulicheza nafasi gani?"

"Sikucheza, kocha. Sekondari yote nilikaa benchi. Nilikuwa nasafisha mipira na kushangilia."

"Na hukuacha?"

"Niliipenda mno timu."

Mzee alivua koti la suti, akajipenyeza kiti cha nyuma huku akiguna. "Si mnataka uzito wa kuikandamiza bodi? Kaho, sukuma! Taratibu! Na wewe, usilikabe hilo gongo, lishike kama yai!"

Gari likasogea, gongo likabiringika, ukingo ukajikunja bila rangi kupasuka. Wakalirudisha nyuma, wakasukuma tena, kisha wakahamia upande wa pili. Kaho alitota jasho na alicheka muda wote.

Wakapanda mlima, mzee mbele, Kaho nyuma. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Tetsuro alifurahi hata akalisahau neno lake.

"Mwezi wa nane msifanye," mzee alisema ghafla.

"Tusifanye nini, kocha?"

"Arusi. Mwezi wa nane kuna mashindano ya besiboli ya shule."

Kaho akapiga yowe. Tetsuro akasimamisha gari pembeni, maana machozi yalikuwa yamemziba macho. "Lakini hata sijaomba, kocha."

"Wa benchi haombi kuingia uwanjani," mzee alisema, akitazama barabara. "Kocha ndiye anayemwita. Haya, nimekuita."