Lakiri Kwenye Msumari

Uliona, ukageuza shingo. Usinibishie. Siku ile ulipovua mkanda na viatu uwanja wa ndege, ukamwona yule aliyekaa mbele ya skrini ya mizigo akiichekea simu yake huku mabegi yakipita moja nyuma ya jingine, ulifanya nini? Ulishukuru foleni inakwenda haraka. Ukabeba mkoba wako, ukaenda kutafuta kahawa.

Mimi sisahau. Zamani watu walipanda ndege kama wanavyopanda basi, mtu na bastola yake kiunoni na hakuna wa kumuuliza. Ndege zikaanza kutekwa, leo hii, kesho ile, ndipo ikaletwa milango inayolia ikikutana na chuma. Watekaji wakabadili mbinu, wakaingia hadi kwa rubani, basi na mlango wa rubani nao ukaimarishwa. Kila kifaa unachokiona pale kimesimikwa juu ya kaburi la mtu. Kikishazoeleka, tunakigeuza pambo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini sisi hata ulimwengu umetuchoka.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni mkaguzi wa mlango wa nyuma. Mlango huo wewe huujui. Wewe unapita mbele, kwenye marumaru. Chakula chako kinapita nyuma, kwenye sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta, ndani ya makabati marefu ya bati yenye magurudumu. Sheria inasema mkaguzi afungue kila kabati, avute kila droo, amulike kwa tochi, kisha afunge kwa lakiri: kikamba chekundu cha plastiki kisichofunguka mpaka kikatwe. Mhudumu wa ndege akikiona kikamba hicho anajua kazi ilifanyika. Anakata, anagawa chakula, roho yake imetulia.

Hiyo ni sheria. Mazoea ya pale ni mengine. Ndege zikisongamana, bunda la lakiri hutundikwa kwenye msumari kando ya mlango, na wasukumaji wa makabati wakayafunga wenyewe. Nilipokuwa mpakia mizigo pale nilisema. Nilimwambia msimamizi, nikasimama kwenye mkutano wa wafanyakazi, nikabandika mabango hadi vyooni. Wakanibatiza jina la Redio, kisha wakanifukuza, na wenzangu mliokuwa mkinipigia makofi siku hiyo mlikuwa na kazi nyingi sana.

Shemeji alibaki, na hakutumia msumari. Alikuwa na sababu. Mdogo wake wa tumbo moja, ambaye alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, ni mhudumu wa ndege. Kila droo aliyoivuta aliivuta kwa ajili ya yule binti. Wenzake walimwita Mama Droo, wakamuuliza kama na nyumbani mume akirudi hummulika tochi mifukoni. Alijibu kwamba huko ndiko alikoanzia mafunzo.

Juzi asubuhi binti alipita mlangoni akiwahi ndege. Alimtania dada yake achungulie vizuri, maana safari iliyopita abiria walipewa mikate iliyoota ndevu. Wakacheka, akaenda zake.

Gari la chakula la ndege hiyo likafika limechelewa. Mkuu wa gari lile ni baba yetu mdogo, ndugu wa baba yetu. Ndiye aliyesimama mbele ya wazazi kumposea kaka yangu, ndiye aliyemtafutia shemeji kazi hiyo. Kwa hiyo ni mkwe wake, na mkwe wako unajua unavyomtazama: unatazama vidole vyako vya miguu.

Makabati ya kwenda nyuma ya ndege yalikuwa mawili, na aliyeyasukuma alikuwa mgeni. Sare yake ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Hakumsalimia mtu, pale mlangoni ambapo hata paka huulizwa habari za asubuhi. Shemeji akauliza huyu ni nani. Baba mdogo akasema ni kibarua kaletwa na wakala, yule wa siku zote anaumwa.

Shemeji akafungua kabati la kwanza, akavuta droo moja moja. Vikombe, sukari, maji. Muda wote huo mgeni hakutoa mkono kwenye kabati la pili. Shemeji aliniambia baadaye kwamba alilishika kama mtu anavyomshika mtoto kwenye umati. Akapiga hatua kulifuata.

"Mwanangu," baba mdogo akasema, "yaani unanipekua mimi?"

"Sikupekui wewe, baba. Nakagua kabati."

"Kabati nimelipakia kwa mikono yangu." Hakulipakia. Alikuta limepakiwa. "Mimi niliyekutoa kwenu, leo unanivua nguo mbele ya vibarua?"

 Msukumaji mmoja akacheka puani, akasema Mama Droo amwachie mzee wa watu, ndege inanguruma. Na kweli kwenye simu ya upepo msimamizi alikuwa akifoka kwamba abiria wameshaketi.

Shemeji akatazama vidole vyake vya miguu. Mgeni akanyoosha mkono msumarini, akachomoa lakiri, akafunga mwenyewe, akasukuma.

Ndege ilitekwa hapo. Magazeti yanasema ilitekwa angani. Waongo. Ilitekwa chini, mlangoni, kwa adabu njema.

Wameilazimisha kutua kwenye kiwanja cha nchi jirani, na imesimama mwisho wa njia ya kurukia, madirisha yamefunikwa. Mchana wa siku ile simu ya shemeji iliita akiwa jikoni kwake. Sauti ya mdogo wake ilikuwa chini kabisa.

"Dada, kabati la nyuma, la pili. Ulilifungua?"

Angeweza kumdanganya. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nilimwona akilitafuta lile neno.

"Hapana, mdogo wangu."

 Kisha binti akasema, bila hasira, "Niliona lakiri. Nikasema dada kashapita hapa, nikaligeuzia kabati mgongo." Ikaja sauti ya mwanamume, simu ikakatika. Haijaita tena.

Jana baba mdogo alikuja nyumbani. Shemeji akamtolea kiti, akamletea maji, akapiga goti kama siku zote. Mzee hakuyanywa. Nilitaka kumpasulia ukweli wote usoni, kaka akanishika mkono, akasema huyu ni mzazi. Nikakaa. Ndiyo ugonjwa wetu huo, nami sijapona.

Msemaji wa serikali ametokea kwenye luninga na tai mpya. Anasema usalama wa viwanja vyetu ni imara, mkaguzi mmoja amesimamishwa kazi, mazungumzo yanaendelea. Na nani? Watekaji wametaka mtu wa kuzungumza naye, wakatoa muda mpaka machweo ya leo. Mpaka sasa hakuna hata karani aliyevuka mpaka. Wanangoja yaishe yenyewe, kisha watununulie mashine nyingine na kukata utepe. Shemeji amekaa sakafuni, simu mapajani.

Basi wewe. Jua bado liko juu. Acha unachokifanya, vaa viatu, njoo lango kuu la uwanja wa ndege. Njoo na jirani yako, na kama una tiketi ya leo, njoo nayo na usipande. Tuzibe barabara yao mpaka waziri atoke ofisini, apande gari mbele ya macho yetu, aende kuzungumza na wale watu kabla jua halijazama. Usinitumie pole. Usiseme utafuatilia kwenye habari. Yule binti yuko hai sasa hivi. Inuka.