Theluji Juu ya Aprikoti

"Mabua yote, baba? Hata fungu moja hukubakiza?"

"Usinipigie kelele ndani ya nyumba yangu, Kamen!"

"Kwani aliyeanza kelele nani?" Mama akadakia, anakata vitunguu kwa hasira.

Nje theluji imelala juu ya maua ya aprikoti. Mwezi wa nne huo! Jana tu tulikuwa na fulana. Kwetu huku kando ya Danubi tunasema ni Bibi Marta, kile kizee cha mwezi wa tatu, asubuhi anacheka, mchana analia. Alitakiwa awe keshaondoka, ila mwaka huu kanogewa.

Theluji yenyewe si neno. Shida ni mawingu yakiondoka. Anga ikiwa wazi usiku, baridi inaua maua, basi tunda hulioni. Dawa yake moshi: unachoma mabua ya ngano yaliyoloa katikati ya miti mpaka kuche. Sasa baba, kumwona korongo wa kwanza tu, kavua mkononi ule uzi mwekundu na mweupe tunaomvalia Bibi Marta mpaka ndege hao warudi, kaufunga mtini kama desturi, katangaza baridi imekwisha. Mabua yote kampa mdogo wake, baba mdogo Dragni, ya kulalia kondoo zake.

"Naenda kumwomba," nikasema.

"Kitu ukishatoa umetoa! Unataka anicheke mpaka nazikwa?"

"Bora acheke yeye, tusilie sisi."

"We si unakwenda zako Varna? Aprikoti zinakuhusu nini?"

Kweli, tangu nimalize shule wimbo wangu ni kuhamia mjini, Varna, Varna. Lakini mashimo ya ile miti tulichimba wote, mimi na baba, na mwaka huu ndiyo imechanua mara ya kwanza.

"Zinanihusu," nikasema. Sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Mama akaweka kisu chini. "Umesikia, baba Kamen? Au masikio nayo umempa Dragni?"

Baba akachungulia dirishani. Upande wa mtoni mawingu yalikuwa yameanza kupasuka.

"Chukua mkokoteni mkubwa," akasema. "Na mwambie naye aje. Miti yote ile hatuiwezi wawili."

"Akicheka?"

"Acheke huku anabeba!"

Akainama kutafuta viatu vyake chini ya benchi. Nikavaa glavu za mama, nikatoka, nikafunga mlango.