Keki ya Boga Iliyokwenda Usangu

Leokadia alikuwa anaanika mahindi uani wakati basi la kutoka Mbeya liliposimama pale Ipogolo na kumteremsha mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye boga kubwa kichwani na kapu mkononi. Mwanamke yule akasimama kando ya barabara, akauliza watu, akaelekezwa. Kisha akaanza kuja moja kwa moja kwenye nyumba yake.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka sabini na sita. Mvua zilikuwa zimekwisha, mabua yamekauka mashambani, na ule upepo wa Iringa unaomfanya mtu avae koti saa sita mchana ulikuwa umeshaanza kuvuma. Leokadia alikinga macho na vumbi akamtazama mgeni. Alimtambua alipofika mlangoni mwa ua tu, na moyo ukamlipuka.

Alikuwa Kashindye, mkwe mwenzake, mama yake Nyanda. Walikuwa wameonana mara moja tu maishani, siku Nyanda alipomwoa Benedicta, binti yake wa mwisho. Sasa amekuja peke yake, bila taarifa, bila hata mwanamume wa kumsindikiza. Nani husafiri hivyo kuleta habari njema?

"Hodi hapa," alisema Kashindye.

"Karibu, Mama Nyanda. Karibu sana. Habari za huko?"

"Nzuri."

Neno hilo halikumtuliza Leokadia hata kidogo. Hata mtu anayeleta msiba husema nzuri kwanza. Alimtua boga lile, akamletea maji ya kunawa, akamwekea ugali na maharage. Mgeni haulizwi jambo kabla hajala. Kashindye akala taratibu, tonge kwa tonge, na Leokadia akakaa mbele yake akijifanya anakula. Mumewe Yohane alikuwa Mafinga kwenye kazi ya uashi. Hakukuwa na mtu wa kumshika mkono kama mambo yangeharibika.

Ndoa ile hakuitaka tangu mwanzo. Benedicta alikuwa amepelekwa Usangu kufundisha kisomo cha watu wazima, na Nyanda alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Watu wa kwao Nyanda walikuwa Wasukuma, walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kufuata malisho ya bonde la Usangu. "Huko ni mbu na tope tu," Leokadia alimwambia binti yake. "Ukiugua nani atakuuguza? Lugha yao huijui, desturi zao huzijui." Benedicta alicheka tu. Ng'ombe wa mahari wakaja, wakaswagwa mpaka kwa kaka yake Yohane kule Kalenga, na mtoto akaenda.

Kashindye alinawa mikono. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mnadani, pamoja na maneno aliyofundishwa na mkamwana wake jioni baada ya kazi.

"Benedicta," alisema. "Hapana kula."

"Anaumwa?"

"Anarudisha." Akapunga mkono kama mtu anayesukuma kitu mbali. "Yote anarudisha. Mwezi wa pili sasa."

Leokadia aliwaona akilini wale ng'ombe wa mahari wakiswagwa kurudi Usangu, wote, na Benedicta amekaa juu ya sanduku lake kando ya barabara.

"Mama Nyanda, amekosa nini mwanangu?" alisema Leokadia. "Kama wamegombana, tuwaite wazee tuzungumze. Ndoa haivunjwi hivi. Mtoto asirudishe vitu vya watu kabla hatujakaa kikao."

Kashindye alimkodolea macho. Ilikuwa wazi kwamba hajaelewa, na ilikuwa wazi pia kwamba ameona mwenzake anataka kulia. Akainuka. Akaweka kiganja tumboni, akachora mbele yake tumbo kubwa la hewani. Halafu akainama pembeni mwa jiko, akafumbua mdomo, akajikamua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Leokadia akamtazama. "Ana mimba?"

"Mimba!" Kashindye alipiga makofi kwa kulipata lile neno. "Ee, mimba! Anarudisha, anarudisha!"

Leokadia akakaa chini palepale jikoni, kwenye majivu. Akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, huku akijipiga mapajani na kurudia, "Anatapika! Mungu wangu, mtoto anatapika tu!" Hakuna kifo. Hakuna talaka. Mjukuu!

Alipofuta macho aliona Kashindye hacheki.

"Mimi, binti yangu," Kashindye alisema polepole, akitafuta kila neno. "Wa kwanza. Alirudisha hivi hivi." Akainua kidole chake cha mwisho, akaonyesha wembamba wake. "Tulizika." Akakikunja kile kidole. "Huyu hapana. Huyu nakataa."

Kidogo kidogo, kwa maneno na kwa mikono, habari yote ikatoka. Walikuwa wamempeleka Benedicta zahanati, akapewa vidonge, navyo akavitapika. Mganga wa pale alisema la muhimu ni kupata chakula chochote kitakachokaa tumboni. Maziwa alikataa. Ugali alikataa. Samaki akisikia harufu tu anakimbilia nje. Kitu kimoja tu alikuwa anakitaja kila siku, amelala na uso umeelekea ukutani: keki ya mama, ile ya boga.

Kashindye hakuijua keki. Nyanda alimwambia ni kama mkate mtamu, akaenda kununua mkate Igawa. Benedicta aliunusa akaanza kulia. Kesho yake Kashindye alichuma boga kubwa kuliko yote shambani, akatia kapuni mchele na kibuyu cha samli, akatembea mpaka barabara kuu, akapanda basi kwa mara ya kwanza peke yake.

"Nifundishe," alisema.

"Sina haja ya kukufundisha. Nitaipika mimi, twende wote nimpelekee."

Kashindye akatikisa kichwa. "Wewe utarudi kwako. Mimi niko naye. Nifundishe mimi."

Leokadia alitazama pembeni, akajifanya anasogeza kuni.

Keki yenyewe ilikuwa rahisi. Mama yake alijifunza kwa masista wa misheni, naye akajifunza kwa mama yake, na kila mwaka maboga yakivunwa na baridi ikianza aliwapikia watoto moja kwenye sufuria. Tatizo lilikuwa unga. Unga wa ngano ulikuwa haupatikani. Wiki ile alikuwa amepanda mlima mpaka mjini, akazunguka maduka yote, akakuta rafu tupu na wenye maduka wakitikisa vichwa. Sukari nayo ilikuwa vilevile. Mwenzake ametoka Usangu kwa ajili ya jambo hili, atamwambia nini?

Alisema ukweli. "Mama Nyanda, unga wa ngano hakuna. Mji mzima hakuna."

"Unga?" Kashindye alivuta kapu lake, akafungua kitambaa. Mchele mweupe wa Usangu ulikuwa umejaa. "Kinu una?"

Leokadia aliutazama mchele ule. Vitumbua vinapikwa kwa mchele, alifikiri. Keki itashindwaje?

Jioni ile waliuloweka. Asubuhi wakauchuja, wakaupeleka kwenye kinu chini ya paa la jiko. Wanawake wawili, michi miwili. Mwanzoni michi iligongana kwa sababu kila mmoja alikuwa na mwendo wa kwao. Kashindye akaanza kuimba kitu kwa Kisukuma, wimbo mfupi unaozunguka, na Leokadia akajikuta anaufuata, mchi wake ukishuka wakati wa mwenzake unapanda. Unga ukatoka laini kama majivu. Wakauchekecha mara mbili.

Boga walilikata, wakalitoa mbegu, wakalichemsha kwa maji kidogo sana. "Maji mengi yanaharibu," alisema Leokadia. "Likiiva lichuje, mpaka likae kama uji mzito." Akaliponda kwa mwiko, akavunja mayai, akampa Kashindye ayapige. Mahali pa sukari akatia asali. Samli ile ikayeyushwa ikamiminwa, unga ukafuata, na nusu ya hamira iliyobaki kwenye kopo.

"Kwetu hii hakuna," Kashindye alisema, akinusa kopo la hamira.

"Togwa unatengeneza?"

"Togwa, ndiyo."

"Basi iache ichache, utie kikombe. Itaumuka vilevile, ila uisubiri zaidi."

Wakaufunika mchanganyiko ule karibu na jiko mpaka ukapanda. Leokadia akapaka sufuria samli, akamimina, akaweka juu ya mkaa mchache, akafunika kwa bati, na juu ya bati akapanga makaa mengine. "Moto juu, moto chini," alisema. "Wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Hilo ndilo kubwa lake, mengine yote utayakumbuka."

Halafu yeye mwenyewe akalisahau. Walikaa wakizungumza, Kashindye akimweleza jinsi Benedicta alivyojifunza kukamua ng'ombe na jinsi ng'ombe wa kwanza alivyompiga teke akaanguka ndani ya ndoo. Leokadia akacheka sana, hakusikia harufu mpaka moshi ulipotoka. Keki ilikuwa imeungua chini, nyeusi tii.

"Ona sasa!" aliita, akiitoa motoni. "Mwalimu gani huyu!"

Wakakata sehemu iliyoungua wakaonja iliyobaki ingali moto. Ilikuwa ya dhahabu, laini, yenye unyevu, na asali ilisikika mwishoni kabisa. Haikuwa ile ya ngano. Ilikuwa nzito kidogo zaidi. Leokadia alitafuna huku amefumba macho, akajiuliza kama mtoto ataikubali.

Kashindye alikwisha kusimama. Alikuwa anaosha sufuria.

Ya pili aliipika yeye. Hakuuliza neno. Alipanga makaa juu ya bati moja moja kwa koleo, akakaa mbele ya jiko mikono imeshika magoti, na kila Leokadia alipotaka kuzungumza alimwinulia kidole. Alipoifunua, ilikuwa imepanda mpaka ukingoni. Akachoma kijiti katikati, akakitoa kikavu. Akamtazama Leokadia, na hapo kwa mara ya kwanza tangu ateremke kwenye basi akatabasamu.

Waliifunga kwenye majani ya mgomba, wakaizungushia kitenge. Kesho yake alfajiri Leokadia alimwachia Severina, jirani yake, ufunguo na habari za kumpa Yohane, wakapanda basi la kwenda Mbeya. Njia nzima kapu lilikaa magotini kwa Kashindye. Igawa wakapata mkokoteni wa ng'ombe wa mtu wa kijiji chao, wakaingia bondeni jua likiwa limeanza kulala.

Benedicta alikuwa amelazwa juu ya ngozi kivulini, mbele ya nyumba. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza. Alimwona mama yake akashindwa kuinuka, akanyoosha mikono tu kama mtoto mchanga. Leokadia alipiga magoti akamkumbatia, na wepesi wa mwili ule ukamtia hofu upya.

"Mama, umekuja na nini?" aliuliza Benedicta begani kwake. "Nasikia harufu."

Kashindye alifungua kitenge. Akakata kipande kidogo, kama cha mtoto, akampa mwenyewe kwa mkono wake. Benedicta alikinusa kwa muda mrefu. Akauma kidogo. Akatafuna, akameza, akafumba macho.

Nyanda alikuwa nyuma ya boma la ng'ombe, kwa sababu mkwe hasogei karibu na mama mkwe wake, lakini kwa hakika alikuwa ameacha kazi yake anasikiliza. Benedicta aliweka mkono tumboni. Leokadia akasogeza karibu bakuli la kutapikia, akaanza kusali kimoyomoyo, Kihehe na Kiswahili vimechanganyika.

Jua likashuka kidogo. Bakuli likabaki tupu.

"Imebadilika," alisema Benedicta, akafumbua macho.

"Ni ya mchele, mwanangu. Ngano hatukupata."

"Kuna kingine?"

Kashindye alikata kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Benedicta akakila chote. Halafu, bila kuambiwa, akaomba maji. Akanywa. Yakakaa.

"Mama!" Sauti ya Nyanda ilitoka nyuma ya boma. Haikujulikana anamwita nani kati ya wawili wale. "Imekaa?"

Leokadia alikuwa anamfuta binti yake maji kidevuni. Ni Kashindye aliyejibu, kwa Kiswahili, kwa nguvu, ili kijiji kizima kisikie.

"Imekaa!"

Nyanda alipiga mluzi mrefu, na watoto wa jirani wakaanza kukimbia kuja kuona kuna nini. Kashindye akawafukuza kwa kitambaa, akisema keki hii si ya kwao, wasubiri, maboga shambani yamejaa. Kisha akakaa chini kwenye ngozi, karibu na miguu ya Benedicta, akavua viatu vya safari.

"Nimechoka," alisema, akajilaza palepale. Leokadia alimfunika kwa kitenge chenye harufu ya asali, akakaa katikati yao wawili mpaka wote wakalala.