Alama Iliyosimama Tchomia

Mwaka ule wa 2003, Adeline alifanya kazi mbele ya kompyuta katika ofisi ya shirika moja la misaada, mtaa wa Lumumba, mjini Bunia. Kila nusu saa manahodha wa mitumbwi ya injini iliyokuwa Ziwa Albert walimpigia kwa fonia, yaani redio ya mawasiliano, na kumsomea tarakimu za GPS. Aliziingiza, na kila mtumbwi ukaonekana kwenye ramani kama alama nyekundu. Laurent, mkuu wake, ndiye aliyeanzisha kazi hiyo baada ya mitumbwi miwili kugongana katika ukungu na watu tisa kuzama.

Asubuhi moja vita vilifika Tchomia, mji mdogo wa ufukweni mwa ziwa. Josias, mvuvi Mualuri wa Mahagi na mmoja wa manahodha hao, alikuwa huko akipakia wakimbizi wa kupeleka Mahagi-Port, na alama yake haikuwa imesogea tangu saa kumi na mbili. Papa Paluku, nahodha mwingine, alikuwa akishuka kwa njia hiyohiyo kutoka Mahagi-Port na unga na dawa, katika ukungu mzito. Laurent alitazama kioo cha kompyuta, akatulia. Josias hajaondoka, alisema, kwa hiyo njia ni nyeupe.

Adeline hakutulia. Josias alikuwa mtu ambaye akichelewa dakika tano kupiga, huomba radhi. Alimwita mara tatu, akajibiwa na mlio wa hewa tu. Je, kama wenye bunduki wamefika ufukweni, angewangoja? Akachukua penseli, akapiga hesabu: mtumbwi uliojaa, injini ndogo, mwendo wa saa moja na dakika kumi tangu saa kumi na mbili. Jibu liliangukia mbele ya Paluku, si mbali.

“Chef, ile alama inaonyesha fasi alikuwa. Haionyeshe fasi iko sasa.”

Laurent alimwambia kwamba mahali alipo Josias sasa ni makisio tu, na kwamba wagonjwa walikuwa wanangoja dawa. Adeline hakubishana. Alishika kipaza sauti, akamwomba Paluku azime injini, asikilize.

Dakika mbili zilipita. Kisha Paluku akasema kwa sauti ya chini, “Ninasikia batoto banalia.”

Alipuliza firimbi, akapiga sufuria kwa kasia. Josias akageuza usukani, na mitumbwi ikapishana karibu kiasi cha watu kushikana mikono. Alikuwa na watu sitini na wanne. Fonia yake ilinyang'anywa ufukweni, na watu walirukia mtumbwini huku risasi zikilia.

Wiki ileile Laurent, bila maneno mengi, alimwita fundi abadilishe ramani. Tangu siku hiyo, mtumbwi ulionyamaza nusu saa uligeuka kijivu, ukazungukwa na duara lililopanuka kila dakika hadi popote ulipoweza kuwa umefika. Wageni wa ofisi walilalamika kwamba ramani imechafuka. Adeline aliona kwamba sasa ndipo inasema kweli.

Josias alipopanda Bunia kuchukua fonia mpya, alionyeshwa kioo.

“Hii duara inaacha kupanuka wakati gani?” akauliza.

“Wakati weye unaongea,” Adeline akamjibu.