Kisa cha Benchi la Mukeke

Timu ya mpira wa kikapu ya Mukeke ilikuwa na nyota wake, na hao hawahitaji kusimuliwa. Walijisimulia wenyewe mpaka wakatuchosha. Tambwe, fundi cherehani wa Kilibula, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, alikuwa mshabiki wa benchi, yaani wachezaji wa akiba. Kila Jumamosi, kabla mchezo haujaanza, alisimama kando ya uwanja wa saruji na kuwakumbusha watu wale wachezaji wa zamani ambao hata mama zao walikuja uwanjani kwa huruma tu.

"Bertrand!" angeanza, na watu wangecheka kabla hajaongeza neno. Bertrand alifunga mara moja tu maishani, tena kwenye kikapu cha Mukeke, akashangilia mpaka wapinzani wakambeba. Nourdine, mwezi wa Ramadhani, alikataa kuruka kwa kuwa kuruka kunaleta kiu. Mfungo ulipokwisha alikataa tena, safari hii kwa kuwa ameshiba. Na Pontien, aliyefunga miwani yake kwa mpira wa baiskeli, alimpa mwamuzi pasi kwa sababu wote wawili walivaa nyeupe. Mwaka uliopita Pontien alikwenda Makobola kununua samaki, vita vikamkuta huko, hakurudi. Huyo walimcheka kuliko wote. Mwili haukupatikana, kwa hiyo kicheko ndiyo matanga pekee waliyoweza kumfanyia.

Jumamosi moja, Tambwe hajafungua kinywa, mama mmoja alimshika mkono. Alikuwa mkulima wa Runingu aliyehamia Kilibula miaka kadhaa kabla ya vita, shamba lake lilipogeuzwa njia ya askari. Jina lake Kankindi, ila mtaani walimwita Mama Keza.

"Tambwe, unachekaka batu bote ba benchi," alisema. "Wangu je?"

Tambwe alijifanya hakuelewa. "Wako nani, Mama Keza?"

"Mama Keza! Keza iko mutoto wa pili. Mbele ya vita mulikuwa munaniita nani?"

Tambwe alijua, na mtaa mzima ulijua. Alikuwa Mama Hyacinthe. Lakini tangu mwaka wa tisini na sita watu walimruka kifungua mimba wake wakamwita kwa binti, kana kwamba mtu anaweza kuzaa wa pili bila wa kwanza. Mwaka ule vijana waliosimamia bariyeri, vizuizi vya barabarani, walikuwa wakipima watu kwa macho, kimo na pua, huku wakitega sikio wasikie nani anaongea Kirundi, lugha ya akina Hyacinthe. Hyacinthe, mrefu kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Mukeke, alishushwa kwenye lori, akaitwa mgeni, akauawa palepale. Urefu uliomwingiza timuni ndio uliomtoa duniani. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hawakupita bariyeri ya Uvira.

Sasa vilikuwa vita vya pili, na mji ulishikwa na askari wengine ambao watu waliwachukia. Baadhi yao walifanana na Hyacinthe kwa sura na kwa lugha, na kumtaja mbele za watu kungeonekana ni kujipendekeza kwao. Tambwe akachagua funika kombe mwanaharamu apite. Mwenyewe aliita hiyo busara. Ulikuwa woga.

"Mama, batu batasema niko upande wa baaskari," alinong'ona.

"Sikukuomba umulilie. Kumulilia nilishamulilia miye. Umucheke! Hakukuwa mubaya? Hakutiaka mupira mu panier hata mara moja!"

"Alikuwa mubaya sana," Tambwe alikubali.

"Basi! Pontien amekufa na munamucheka. Wangu munamuacha inje peke yake, alifanya nini?"

Tambwe akaenda kusimama mahali pake, akasimulia habari za Bertrand, Nourdine na Pontien, na watu wakiwa bado wanajifuta machozi ya kicheko, akasema, "Na Hyacinthe!"

Kicheko kikakatika. Neno lilikuwa limeshatoka. Tambwe akaeleza jinsi kocha, siku amekosa mtu, alivyomwingiza Hyacinthe dakika za mwisho dhidi ya timu ya Runingu, ambayo nahodha wake alikuwa katekista, mwalimu wa dini aliyemwandaa kijana huyo kwa komunyo yake ya kwanza. Hyacinthe akadaka mpira, wa kwanza na wa mwisho maishani mwake. Katekista akanyoosha mkono, akasema, "Lete, mwanangu." Na Hyacinthe, mtoto aliyelelewa akaleleka, akainama kidogo na kumkabidhi mpira kwa mikono miwili, jinsi mkubwa anavyopewa kitu. Katekista akafunga, Mukeke wakashindwa. Kocha alipomfokea, kijana alishangaa: "Ningemunyima muzee?"

Kilikuwa kisa bora kuliko vyote vya benchi, na hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alitema mate. Bertrand, aliyekuwa amesimama palepale, yeye na kile kikapu chake cha kujifunga, aligeuka akatazama ziwa.

"Fundi," sauti ilisema, "weye ulianza lini kuongea habari ya bale batu?" Na watu wakaanza kuhamia upande wa pili wa uwanja.

Kicheko kilitoka mahali pamoja tu. Kankindi alikuwa akijishika mbavu. "Ni yeye! Ni yeye kabisa! Hata mwizi angeomba, angemupa na mikono mbili!" Alivuta pumzi. "Ingine, Tambwe. Ongeza!"

Tambwe alitafuta. Miaka yote alijisifu kuwa mshabiki wa benchi, kumbe kule mwisho wa benchi, alikokaa yule kijana, hakuwahi kutupa jicho. Aliona aibu iliyomuuma kuliko yale mate.

"Hakuna ingine, Mama Hyacinthe," alisema. "Ni ile moja tu."

Kankindi akakaa chini kwenye saruji, akafunika miguu kwa kitenge chake.

"Basi rudilia ileile," alisema. "Na usiharakishe."

Tambwe akaanza upya, akiisimulia migongo ya watu.