Bomba Lililoishia Hewani

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimesimama ndani ya mchoro wangu mwenyewe, miguu peku, na wala sikushangaa. Ulikuwa ule mchoro wa mabomba ya zahanati ya Itulikwa, kule anakosubiri kujifungua wifi yangu Atupele. Wodi ya wazazi ya pale haina maji. Wajawazito wenyewe ndio wanaoshuka mtoni na ndoo, na matumbo yao hayo. Jioni nilikuwa nimeumaliza mchoro huo kwenye kompyuta, nikamtumia fundi Mwakatobe ili asubuhi akate mabomba, nikalala nikijisifu kweli.

Mchoro wenyewe ni wa isometriki, yaani ule unaoonyesha pande tatu za kitu kwa mpigo. Kilicho wima kinabaki wima, vingine vyote vinalala kwa nyuzi thelathini, basi. Sasa mle ndani sheria hiyo hawana mchezo nayo. Nataka kwenda kwenye tangi la maji la wodi, miguu inakataa. Naweza kwenda mshazari wa kulia, mshazari wa kushoto, au kupaa. Nikijaribu kukatiza, kishale cha kompyuta, kirefu kama mwiko wa msibani, kinanirudisha kwenye mstari.

"Unatumia ubapa gani?" kinaniuliza, yaani nachora kwenye uso upi wa kitu.

"Mimi naenda kwenye tangi tu."

"Hapa hatuna tu. Wa juu, wa kushoto au wa kulia?"

Nikachagua wa kushoto, nikabonyeza kitufe cha kubadilishia ubapa, ambacho kwa wakati huo kilikuwa kitovuni mwangu. Njiani nikapishana na duara limebanwa mpaka likawa yai, kama ilivyo ada ya michoro hii. Likanilalamikia kwamba nyumbani kwao hawalitambui tena. Nikalipa pole, nikalihakikishia kuwa fundi akiliona atajua tu kwamba ni mviringo. Likaondoka limeridhika nusu.

Mara nipo juu ya paa la wodi, nimefikaje sijui. Maji yanapanda bombani, nayasikia yakihema kama mtu mzima kwenye ngazi. Yakatokeza kwenye mdomo wa bomba, yakachungulia huku na huku.

"Wewe ndiye Sekela?"

"Ndimi. Shikamoo."

"Marahaba. Tangi liko wapi?"

Nikayaonyesha. Lile pale, si limegusana na bomba jamani? Yakanitazama kwa huruma, yakaniambia nizunguke nyuma.

Nikazunguka. Tangi lilikuwa nyuma kabisa, na bomba langu limesimama mbele yake, mdomo wazi hewani. Kwenye karatasi ya namna hii, kitu kilichopanda juu na kitu kilichorudi nyuma vinaweza kuangukia nukta ileile. Hilo nalijua tangu chuoni. Na bado nilikuwa nimevuta mstari wa kupanda pale nilipotakiwa kuupeleka nyuma. Nikaona aibu, tena mbele ya maji. Hayakunisuta. Yalisema tu kwamba yenyewe hayafuati picha, yanafuata vipimo nilivyoandika, na vipimo vyangu vinamwaga.

Nikageuka nikamwona Atupele anapandisha kutoka mtoni, ndoo kichwani. Katika mchoro huu kitu cha mbali hakipungui, basi alikuwa mkubwa kama aliye hatua mbili kutoka nilipo. Naona jasho shingoni mwake. Naona anavyoshika kiuno kwa mkono mmoja. Nanyoosha mkono nimpokee ndoo, simfikii. Nikashikwa na uchungu nikalia, kwa sababu ni mimi niliyekuwa naenda kumwacha na ndoo ile mpaka siku ya kujifungua.

"Wifi, tua ndoo," nikamwita. "Maji yanakuja, nayarekebisha sasa hivi."

Hakugeuka. Nikamwita tena mpaka sauti ikakauka.

"Amesikia," maji yakasema. "Humu hakuna mbali."

Nikazinduka. Kumeshakucha, kuku wa jirani wanagombana. Sikunawa hata uso. Nikafungua mchoro, nikajumlisha vipimo kipande kwa kipande, vya kulia, vya kushoto, vya kupanda. Kweli tupu, bomba linaishia hewani, tangi liko nyuma yake.

Nikampigia fundi Mwakatobe asikate chochote. Akasema msumeno anao mkononi, akauliza kosa lenyewe ni kubwa kiasi gani. Nikamwambia ni la kumwaga maji ya wodi nzima. Akacheka, akasema basi anakunywa chai kwanza.

Sijaweka simu chini, Atupele akapiga. Tukajuliana hali. Akaniambia leo hakushuka mtoni, ametua ndoo, amekaa zake barazani, na wenzake wanasema anadeka. Alilisema kama mtu anayesimulia bei ya nyanya. Nikamuuliza nani kamwambia apumzike.

"Kwani si wewe uliyeniita?" akasema. "Nimewaambia na wenzangu wasishuke. Maji si unayarekebisha sasa hivi?"

"Nayarekebisha," nikamjibu.

Nikavuta kiti, nikaufuta ule mstari wa kupanda.