Kusukuma Filamu ya Najat

Friji letu pale Mtoni halijui nyama. Ukilifungua unakutana na makopo ya filamu, mifuko ya barafu, chupa za dawa zisizonyweka, na pembeni, kwa huruma ya mke wangu, nyanya. Wenzangu wameoa wapenda viatu. Mie nimemwoa Bupe, mpiga picha, ambaye katika mji uliojaa simu bado anapiga picha za nyeusi na nyeupe kwa kamera ya filamu na kuzisafisha mwenyewe bafuni. Nikitaka kuoga naomba ruhusa.

Ndiyo maana Najat alimtaka yeye.

Najat alikuwa jirani yetu na shoga yake Bupe. Akiwa mjamzito madaktari waligundua ana uvimbe kichwani. Mtoto alipozaliwa, mumewe Mbwana akamrudisha kwa mama yake, na hatukumwona tena huyo bwana. Najat akakonda, ngozi ikawa ya manjano, mwanga ukawa unamchoma macho. Sasa, watu wetu mnawajua. Wanakuja kumwona mgonjwa, wanampa pole, wanampiga picha, na kabla hawajavaa viatu keshawekwa status: "Ugua pole dada." Akifa, picha ileile inarudi na maneno mengine. Mie tabia hiyo inanichefua, na Najat ilimchefua zaidi. Mama yake akaweka beseni mlangoni, kila mgeni anaacha simu humo. Matokeo yake mtoto, Mwanaidi, alifika umri wa kuanza kutamka maneno bila kuwa na picha hata moja akiwa na mama yake.

"Nipige wewe," Najat alimwambia Bupe siku tuliyokwenda kumjulia hali. "Mie na mwanangu. Isiwe ya rangi, umanjano huu usionekane. Uisafishe mwenyewe, isipite kwenye simu ya mtu. Akikua anijue sura."

"Chumba kina giza, shoga. Nivute pazia kidogo?"

"Pazia hapana. Flashi ndiyo usiitaje kabisa. Mlango uache wazi kiasi, basi."

Bupe alikuwa na filamu za aina mbili. Moja ilikuwa ile kali, iliyotengenezwa kwa ajili ya giza. Lakini mzigo ule ulikaa ndani ya kontena Kurasini msimu mzima wa joto, nami ndiye karani niliyekuwa nahangaika kuutoa bandarini. Aliposafisha moja ya kujaribia, ikatoka ukungu mtupu. Lawama zake nazibeba mpaka leo. Ikabaki ile ya kawaida, yenye nguvu ya mia nne, isiyozoea giza, ambayo ilikuwa nzima. Hiyo, akasema, ataisukuma.

"Unaisukuma kwenda wapi?"

"Acha utani, Stanley. Naipiga kama vile ina nguvu kuliko ilizo nazo, halafu naiacha kwenye dawa muda mrefu. Kile kidogo ilichokiona, dawa inakikuza."

"Na ambacho haikukiona?"

"Hicho hakina dawa."

Dawa nazo zilikuwa mbili. Ya maji hukaa miaka bila kuharibika, ila inakula vivuli. Ya unga inachoka haraka ikishachanganywa, lakini inabakiza kitu gizani. Uso wa Najat ungekuwa gizani, basi ikachaguliwa ya unga. Mie nikatumwa barafu zaidi, kwa sababu maji ya tenki letu mchana unaweza kukorogea chai, na dawa hiyo inataka ubaridi. Siku moja kabla ya kumpiga Najat, Bupe akaenda kupima mwanga. Mama Najat aliketi kitandani badala ya mwanawe, juu ya shuka lao la kila siku, lile la zambarau iliyokolea. Bupe akampiga filamu ya majaribio, akaisafisha. Uso wa bi mkubwa ulitoka na punje nyingi, lakini ulitoka. Nilimsikia mke wangu anaimba bafuni.

Kesho yake alipofika, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Mama Najat alikuwa amefungua sanduku na kutoa mashuka meupe ya wageni, yenye mikunjo bado, akamvika mtoto gauni jeupe la sikukuu. Mtu hapigwi picha ya kukumbukwa akiwa kwenye shuka la kulalia; huo ndio ustaarabu wa nyumba ile, na kwa kweli ni wa nyumba zote. Bupe akaelekeza kipima mwanga kitandani, sindano ikapanda kuliko jana. Akafurahi kwamba chumba leo kina mwanga, akaibana lenzi ipitishe mwanga mdogo zaidi. Najat hakuweza kukaa sana. Alimpakata mtoto, Bupe akapiga picha chache, kisha maumivu yakamrudia wakamlaza.

Usiku ule akafariki. Filamu ilikuwa bado haijagusa dawa. Tulimzika kesho yake baada ya Alasiri.

Yaliyotokea msibani upande wa wanawake alinisimulia Bupe. Wifi wa marehemu, dada yake Mbwana, alitoa simu akamwonyesha Mama Najat picha. Alikuwa ameiiba siku za nyuma, simu kaificha ndani ya baibui: Najat kitandani, mtoto kifuani. Alidhani anamfariji. Mama Najat aliiangalia kwa muda mrefu.

"Futa," akasema.

"Mama, si kumbukumbu hii?"

"Mwanangu alikataa akiwa hai, sie tumsaliti keshakufa? Futa, na huko zinakokaa zilizofutwa futa pia. Ile aliyoitaka yeye iko kwa Bupe."

Wifi akafuta, wanawake wote wakishuhudia.

Bupe alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Nilimletea chakula hakukigusa.

"Stanley, shuka," akasema. "Wamelifua, nimeliona kwenye kamba. Ni jeupe."

"Sasa?"

"Kipima mwanga hakimjui Najat wala shuka. Kimeona weupe, kikadhani chumba kina mwanga, nami nikakiamini kama mjinga. Uso wake umepata robo ya mwanga niliopanga."

Nilitaka kusema labda, nikaona hata hilo ni uongo.

Akaanza kuchagua upya, na safari hii hakuimba. Akiitumia dawa ya unga kwa muda aliopanga, huenda uso usitoke. Akiisukuma zaidi, gauni la mtoto na shuka vitaungua viwe weupe usio na kitu, na ukungu utapanda. Akaamua kuikata filamu vipande viwili ndani ya mfuko wa giza, kwa kupapasa, asijue kisu kinapita juu ya picha ipi. Kipande cha kwanza akakipa muda aliopanga. Nilikuwa nje ya mlango wa bafu nimeshika barafu kama zuzu. Alipotoka nacho tulikiinua dirishani: shuka, gauni, uso wa mtoto uliokuwa umeelekea mlangoni, mikono miwili iliyomshika. Juu ya mikono hapakuwa na mtu.

Cha pili akakisukuma mpaka mwisho wa anachokijua, kwa dawa mpya, muda maradufu. Gauni likaungua. Punje zikawa kama mchanga. Juu ya mikono, ukungu.

"Labda ukiichapa kwa namna nyingine," nilisema.

Aliichapa kwa kila namna. Sehemu ile nyeusi juu ya mikono ikawa kijivu, kisha kijivu hafifu, na ndani yake hamkuwa na jicho wala jino. Mke wangu alilia kwa sauti siku ile, nami nikalia.

Msiba ulipoisha Mama Najat akaja, mjukuu mgongoni.

"Shikamoo, mama," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Nimeifuata picha yetu."

Bupe akampa ile iliyotoka vizuri kuliko zote. Bi mkubwa akaisogeza karibu na macho, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza akaangalia hata nyuma.

"Uso uko wapi?"

"Haukushika, mama. Kosa ni langu. Nilipima vibaya." Shuka hakulitaja, na namshukuru kwa hilo.

"Huna nyingine?"

"Sina."

Mama Najat akaketi. "Ile ya wifi yake alikuwa anacheka," akasema taratibu. "Kamwangalia mtoto, anacheka. Nami nikasema futa."

Akamteremsha Mwanaidi mgongoni, akamshikisha picha. Mtoto akajiona, akafurahi, akajigonga kifua.

"Eti eeh, ndiye wewe. Na huyu aliyekupakata ni nani?"

Mwanaidi akaitazama sehemu ile nyeusi, akaigusa kwa kidole. Kisha akafungua viganja vyote viwili, kama anavyofanya uji ukiisha kikombeni.

"Hamna," akasema.

Mama Najat akaiweka picha juu ya meza yetu, akamfunga mjukuu wake mgongoni, akaondoka bila kutuaga.